Damu Iliyotoka na Kipimo Kilichochelewa Kurudi: Historia ya Kipokezi cha Kemokini cha Duffy, kwa Kurejelea Mkoa wa Singida

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya kipokezi kimoja cha kemokini, kiitwacho Duffy, tangu kilipotambuliwa London mwaka 1950 kama alama ya kundi la damu hadi kilipofahamika, mwaka 2009, kuwa kiini cha idadi ndogo ya nutrofili katika damu ya watu wengi wenye afya ambao asili yao ni Afrika. Hoja kuu ni kwamba Afrika Mashariki, pamoja na jamii za Mkoa wa Singida, ilitoa damu kwa ajili ya utafiti wa kimataifa kwa zaidi ya nusu karne kabla ya kupata vipimo vya uzima vilivyotokana na watu wake. Kuchelewa huko kulikuwa na gharama: mtu mzima aliweza kuhesabiwa mgonjwa kwa sababu tu hakulingana na mizani iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wengine.

1.0 Utangulizi

Majibu ya kipimo cha damu kwa kawaida huwa na safu mbili. Safu ya kwanza hutaja kiasi kilichopatikana kwa mtu aliyepimwa. Safu ya pili hutaja viwango vya rejea, yaani mipaka ambayo mtu akiwa ndani yake huhesabiwa mzima. Anayesoma majibu hujali zaidi safu ya kwanza. Ile ya pili huchukuliwa kuwa jambo lililokwisha kuamuliwa, lisilo na mahali wala wakati. Insha hii inaishughulikia safu hiyo ya pili, na hasa mstari wake mmoja: idadi ya nutrofili, ambazo ni seli nyeupe za damu zilizo mstari wa mbele katika kupambana na bakteria.

Mkoa wa Singida, ulioanzishwa mwaka 1963 katikati ya Tanzania Bara, umechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, umo ndani ya ukanda mpana wa Afrika ambamo watu walio wengi hawana kipokezi cha Duffy juu ya chembe zao nyekundu za damu. Pili, Wahadzabe, ambao sehemu yao wanaishi katika Wilaya ya Mkalama, ni miongoni mwa jamii zilizochunguzwa na kupimwa mno na watafiti kutoka nje. Tatu, Singida ni nyanda kavu na ni mmoja wa mikoa yenye maambukizi madogo ya malaria nchini, ilhali sifa ya damu inayojadiliwa hapa inahusishwa na malaria. Tofauti hiyo inatukumbusha kwamba damu hubeba historia ndefu kuliko ile ya makazi ya sasa.

2.0 Kemokini na vipokezi vyake

Kemokini ni protini ndogo ambazo kazi yake kubwa ni kuita na kuongoza seli za kinga. Mwiba unapochoma mguu, tishu zilizojeruhiwa na seli zilizo jirani hutoa kemokini. Kadiri nutrofili inavyokaribia jeraha ndivyo inavyokutana na kemokini nyingi zaidi, na kwa kufuata ongezeko hilo hupata njia. Hata hivyo wito hauna maana bila sikio la kuusikia. Sikio hilo ni kipokezi, yaani protini iliyopita katika utando wa seli mara saba, ambayo ikishikwa na kemokini upande wa nje hupeleka habari ndani, na seli ikaanza kusogea. Si kila seli ina vipokezi vyote; kwa hiyo wito mmoja huamsha kundi moja la seli na kuliacha jingine.

Elimu hii ni changa. Kemokini ambayo leo huitwa CXCL8, na awali iliitwa intalukini-8, ilitambuliwa mwaka 1987. Neno kemokini lenyewe lilikubaliwa mwaka 1992 katika mkutano wa wanasayansi uliofanyika Baden, Austria. Miaka minne baadaye, yaani 1996, nyanja hii ilipata umaarufu mkubwa ilipothibitika kwamba virusi vya UKIMWI huingia katika seli kwa kutumia vipokezi viwili vya kemokini, CCR5 na CXCR4. Kwa Tanzania, ambayo wagonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ugunduzi huo haukuwa habari ya mbali. Lakini hata hapo, mfano uliovuma zaidi ulikuwa badiliko la jeni ya CCR5 linalowakinga baadhi ya watu wa Ulaya, badiliko ambalo karibu halipo kabisa miongoni mwa Waafrika.

Zaidi ya vipokezi vinavyopeleka habari, vipo vichache visivyo vya kawaida. Hivi hushika kemokini bila kuiamuru seli isogee. Huzipunguza, huzihifadhi au huzivusha kutoka upande mmoja wa seli hadi mwingine. Duffy ni mmojawapo, na jina lake rasmi kwa sasa ni ACKR1. Tofauti na wenzake, hiki kilijulikana kwa zaidi ya miaka 40 kabla ya mtu yeyote kujua kuwa ni kipokezi cha kemokini.

3.0 Alama, mlango, kipokezi: miaka 45 ya Duffy

Mwaka 1950, Cutbush, Mollison na Parkin walieleza kingamwili mpya iliyopatikana katika damu ya mgonjwa wa himofilia mjini London, aliyekuwa ameongezewa damu mara kadhaa. Alama ambayo kingamwili hiyo iliishika ilipewa jina la ukoo wa mgonjwa, Duffy. Kwa wakati ule, maana yake ilikuwa ya kiutendaji tu: damu isiyolingana isiongezwe. Mwaka uliofuata watafiti wengine walieleza alama ya pili ya mfumo huohuo, na ikadhaniwa kwamba kila mtu angekuwa na mojawapo ya hizo mbili au zote.

Dhana hiyo ilivunjwa na Sanger, Race na Jack mwaka 1955. Walipochunguza damu ya Wamarekani weusi wa New York, walikuta kuwa wengi wao hawakuwa na alama hata moja. Ukosefu huo ulikuwa nadra mno kwa wazungu. Kwa miaka 20 ulibaki kuwa udadisi wa maabara, kitu cha kuchorea ramani za asili za watu.

Maana ya kitabibu ilijitokeza katikati ya miaka ya 1970. Madaktari wa Marekani waliowatibu wagonjwa wa kaswende ya ubongo kwa kuwaambukiza malaria, tiba iliyotumika kabla ya penisilini, walikuwa wamekwisha kuona kwamba wagonjwa weusi mara nyingi hawakushikwa na Plasmodium vivax. Miller na wenzake (1975) walionyesha kwamba chembe nyekundu zisizo na Duffy hazikuingiliwa na kimelea jamaa, Plasmodium knowlesi. Mwaka 1976 waliripoti kuhusu watu 17 waliokubali kuumwa na mbu wenye vivax: waliokingika walikuwa watano tu, na wote watano hawakuwa na Duffy. Alama ya damu ikawa mlango wa malaria.

Sura ya tatu ilikuja mwaka 1993, Horuk na wenzake walipothibitisha kwamba mlango huo ni kipokezi cha kemokini juu ya chembe nyekundu. Miaka miwili kabla ya hapo ilikuwa imeonekana kwamba chembe nyekundu hufyonza intalukini-8 iliyomo katika damu kama shimo la kutupia ziada. Sasa mfyonzaji alikuwa na jina. Hatimaye Tournamille na wenzake (1995) walieleza sababu ya ukosefu wenyewe. Ni badiliko la herufi moja ya DNA katika sehemu inayowasha jeni kwenye seli zinazotengeneza chembe nyekundu. Jeni haijaharibika. Imezimwa katika chembe nyekundu, huku ikiendelea kufanya kazi kwingineko, kama vile katika kuta za mishipa midogo ya damu.

Hatua hizi zote zilifanyika katika maabara za Ulaya na Marekani. Ili kuuelewa upande wa pili wa historia hii, inafaa kurudi Afrika Mashariki na kuuliza damu yake ilikuwa wapi wakati huo.

4.0 Kutoka Mkalama: historia ya kupimwa

Mkalama ilikuwa boma la Wajerumani. Kutoka hapo, mwaka 1911, mwanajiografia Erich Obst alisafiri kwenda kwa watu aliowaita Wakindiga, ambao leo twawajua kama Wahadzabe, na mwaka 1912 akachapisha taarifa ya safari yake. Katika miaka ya 1930 Ludwig Kohl-Larsen alifuata, akikusanya hadithi na mabaki ya kale katika bonde la Eyasi. Hawa hawakuwa madaktari wa damu, lakini walijenga desturi iliyodumu: mtafiti hufika, hukusanya, huondoka, na kilichokusanywa husomwa kwingine.

Baada ya Vita Kuu ya Pili desturi hiyo iliingia katika damu kwa maana halisi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya sampuli katika Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1949. Mwaka 1952 yeye, Ikin, Mourant na Raper walichapisha uchunguzi wa makundi ya damu ya makabila kadhaa ya eneo hili. Mwaka 1954 Allison alitoa hoja yake mashuhuri kwamba seli mundu imedumu kwa sababu humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Hoja hiyo iliwafundisha wanasayansi kuisoma damu ya Mwafrika kama kumbukumbu ya mapambano na magonjwa. Somo hilo ndilo lililotumika baadaye kuielewa Duffy.

Kwa upande wa Wahadzabe, mwanaanthropolojia James Woodburn alianza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, na kupitia kwake madaktari wa Makerere walifika. Mwaka 1962 Jelliffe, Woodburn, Bennett na mwenzao walichapisha uchunguzi wa watoto wa wawindaji hao, wakieleza kuwa hali yao ya lishe ilikuwa nzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilifuata taarifa za Bennett, Barnicot na Woodburn kuhusu vimelea, maambukizi, shinikizo la damu na mafuta ya damu. Kazi hizi zilifanywa kabla na baada ya jaribio la serikali la katikati ya miaka ya 1960 la kuwahamishia Wahadzabe katika makazi ya kudumu, na kwa hiyo zina thamani kubwa kwa mwanahistoria. Zinaonyesha kitu ambacho vitabu vya tiba vya wakati ule havikukitarajia: watu walioishi nje ya kila kiwango cha Ulaya, na bado wakawa wazima.

Kizazi cha tatu cha upimaji kilikuwa cha jeni. Tishkoff na wenzake (2009), wakiwemo watafiti wa Tanzania kama Thomas Nyambo wa Muhimbili, walilinganisha jamii 121 za Afrika. Mwaka 2012 timu hiyo ilichapisha jenomu kamili za wanaume 15, watano kati yao Wahadzabe na watano Wasandawe, majirani wa Singida upande wa Dodoma. Ndani ya watu hao 15 zilipatikana tofauti za kijeni zaidi ya milioni 13, na zaidi ya milioni 3 kati yake hazikuwa zimewahi kuandikwa popote. Idadi hiyo yatosha kuonyesha jinsi orodha za awali, zilizojengwa zaidi juu ya watu wenye asili ya Ulaya, zilivyokuwa na mapengo.

5.0 Upungufu usio ugonjwa

Wakati damu hiyo ikisafiri, swali jingine lilikuwa likiulizwa hospitalini. Madaktari waliopima watu weusi walikuta mara kwa mara nutrofili chache kuliko walivyozoea. Je, huo ulikuwa ugonjwa?

Mjadala ulichukua sura kali katika jarida la Lancet. Shaper, aliyekuwa amefundisha tiba Makerere, pamoja na Lewis (1971), walisema kuwa hali hiyo ni ya kurithi. Mwaka uliofuata Ezeilo alijibu katika jarida hilohilo kwamba chanzo chake si urithi. Kwa mtazamo wa leo ni rahisi kumpa ushindi upande mmoja, lakini ubishi wa Ezeilo ulikuwa na haki yake. Katika zama zilizopenda kueleza kila tofauti ya Mwafrika kwa asili yake, ilikuwa busara kudai kwamba mazingira ya maisha yachunguzwe kwanza. Kilichokosekana kwa pande zote mbili ni jeni iliyotajwa kwa jina.

Jeni hiyo ilitajwa mwaka 2009. Reich na wenzake, wakichunguza Wamarekani weusi, walionyesha kuwa badiliko lilelile linaloizima Duffy katika chembe nyekundu ndilo linaloambatana na idadi ndogo ya nutrofili, hasa kwa aliyelirithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Kwa hiyo alama ya mwaka 1950, mlango wa mwaka 1976 na kipokezi cha mwaka 1993 vilikutana na swali la mwaka 1971. Mwaka 2017 Duchene na wenzake walitoa maelezo ya namna jambo hili linavyotendeka: katika uboho, kukosekana kwa kipokezi hiki juu ya seli changa za chembe nyekundu hubadili malezi ya nutrofili, zikatoka na sifa tofauti na kuhama upesi kutoka kwenye damu kwenda kwenye tishu. Aliye na nutrofili chache katika mshipa anaweza basi kuwa na walinzi wa kutosha walio kazini. Kuhesabu nutrofili katika damu ni kama kuhesabu askari walioko barabarani. Hesabu hiyo haisemi ni wangapi wamekwisha kufika langoni.

Jambo la pili lililobadilika ni jina. Kwa miaka mingi hali hii iliitwa upungufu wa nutrofili wa kikabila usio na madhara. Neno upungufu lilidokeza kasoro, na neno kikabila lilidokeza kwamba sababu ni rangi ya mtu. Yote mawili yana dosari. Hali hiyohiyo imeandikwa miongoni mwa Wayahudi wa Yemen na Waarabu wa Ghuba, ambao nao hubeba badiliko hilo. Na wapo Waafrika, hasa katika Pembe ya Afrika na kusini mwa bara, wasiolibeba. Ndiyo maana watafiti wa miaka ya karibuni hupendelea kuitaja hali yenyewe, yaani kukosa Duffy, badala ya kabila.

Uhusiano wa Duffy na malaria nao umeonekana kuwa mgumu kuliko ilivyodhaniwa. Taarifa kutoka magharibi mwa Kenya mwaka 2006, na kutoka Madagaska mwaka 2010, zilieleza watu wasio na Duffy walioambukizwa vivax. Vilevile, mwaka 2008 ilidaiwa kwamba kukosa Duffy huongeza uwezekano wa kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Tafiti zilizofuata zilipinga dai hilo. Mwanahistoria ana sababu ya kuwa mwangalifu na kila sentensi inayokifanya kipokezi kimoja kuwa majaliwa ya bara zima.

6.0 Kipimo kinarudi

Ni nini kilichosababisha Afrika Mashariki kupata viwango vyake? Jibu lina kejeli ndogo: msukumo mkubwa ulitoka katika majaribio ya chanjo ya UKIMWI. Jaribio huhitaji kujua nani ni mzima kabla ya kuanza, na ni badiliko gani ni madhara ya chanjo. Kwa kutumia viwango vya Marekani, watu wengi wenye afya wangekataliwa mlangoni, au nutrofili zao za kawaida zingeandikwa kama madhara.

Ndipo mwaka 2008 zikachapishwa tafiti mbili za msingi: Saathoff na wenzake kuhusu watu wazima wa kusini mwa Tanzania, huko Mbeya, na Kibaya na wenzake kuhusu wakazi wa vijijini Kericho, Kenya. Mwaka 2009 Karita na wenzake waliunganisha vituo vya Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia. Kati ya watu 2,990 waliochujwa, 2,105 wenye afya ndio waliotumika kuunda viwango. Mwaka 2010 vilifuata viwango vya watoto wa Mkoa wa Kilimanjaro. Katika tafiti za watu wazima mwelekeo ulikuwa mmoja: mpaka wa chini wa nutrofili kwa watu wenye afya ulikuwa chini ya ule wa vitabu vya Ulaya na Marekani.

Athari yake ni ya kweli kwa mgonjwa. Mpaka unaotumika sana kutangaza upungufu ni nutrofili 1,500 kwa kila maikrolita. Mtu asiye na Duffy anaweza kuishi chini ya mpaka huo maisha yake yote bila maradhi ya ziada. Akihitaji dawa za saratani, dozi yake inaweza kupunguzwa au kuahirishwa kwa hofu isiyostahili. Akihitaji klozapini, dawa ya ugonjwa mkali wa akili, anaweza kunyimwa kabisa. Ni mwaka 2015 tu ambapo mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka mpaka wa 1,000 kwa watu wenye hali hii. Katika nchi ambayo wataalamu wa magonjwa ya damu ni wachache na safari ya kwenda hospitali ya rufaa hugharimu mavuno ya familia, kumpa mtu mzima rufaa ya uboho ni kumtoza kodi kwa kosa la mizani.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Daktari anayezoea kusema kwamba nutrofili za hapa ni chache kwa kawaida anaweza kupuuza upungufu wa hatari uletwao na dawa, virusi au saratani ya damu. Viwango vya mahali havimwondolei daktari wajibu wa kufikiri. Vinampa mahali sahihi pa kuanzia.

7.0 Hitimisho

Historia ya Duffy inaonyesha njia mbili zilizosafiri kwa kasi tofauti. Damu, taarifa na hatimaye jenomu zilitoka Afrika Mashariki mapema na kwa urahisi. Kipimo cha uzima kilirudi baada ya zaidi ya nusu karne, na hata kiliporudi kilifika kwanza pale palipokuwa na majaribio ya chanjo: Mbeya, Kericho, Kilifi. Singida, ambayo watu wake wamo katika ramani za kijeni zinazosomwa dunia nzima, haikuwa kituo cha mojawapo ya tafiti hizo.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, hospitali za mkoa, zikiwemo za Kiomboi na Makiungu, zitumie viwango vilivyopimwa nchini kama viwango vya rejea kwa nutrofili, na chanzo cha viwango hivyo kiandikwe wazi katika fomu ya majibu, ili safu ya pili nayo iweze kuulizwa maswali. Pili, utafiti wowote wa kijeni unaokusanya sampuli katika jamii kama Wahadzabe uambatanishe upimaji wa kawaida wa damu, ambao matokeo yake yatabaki katika kituo cha afya cha mahali hapo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina mamlaka ya kuangalia sharti kama hilo.

Kemokini huita, na seli yenye kipokezi husogea. Katika suala la vipimo, wito umekuwa ukitoka upande mmoja kwa muda mrefu, na wa Singida wameuitikia kwa damu yao. Sasa ni haki yao kupewa jibu, nalo liandikwe mahali wanapoweza kulisoma.